Tuwahi kabla ya mchwa

Julai 29, 1948, Dk. Ludwig Guttmann aliwashindanisha wanajeshi 16 waliojeruhiwa, wake kwa waume, kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu huko Stoke Mandeville, Uingereza. Leo karatasi zake zimehifadhiwa London, katika hazina ya Wellcome.

Za michezo yetu ya watu wenye ulemavu, hapa Zanzibar, ziko wapi? Barua za kuombea kiwanja, picha za timu, daftari la majina: aghalabu huishia kwenye mkoba uvunguni mwa kitanda, unyevu na mchwa wakivigombea. Mwenyewe akifariki, vyote hutupwa jaani.

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ipo Kilimani. Ishirikiane na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, wapite Mji Mkongwe, Ng'ambo na mashamba kuvikusanya. Mali bila daftari hupotea bila habari.