WAITWAO KUSAILIWA

Twaleta mbele ya wasomaji wetu jambo ambalo kwa muda mrefu limekuwa likisemwa barazani hapa Jang'ombe, wala hatuoni vema kulinyamazia zaidi, maana latuhusu sisi watu wa afisini kuliko wengine. Nalo ni namna watu waombao kazi waitwavyo kusailiwa, na namna wapokewavyo wakishafika.

Kisa kimoja tukijuacho ni hiki. Kijana wa Pemba, mwenye vyeti vizuri, alipigiwa simu afike afisi fulani ya mjini (jina lake tunalihifadhi) siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi. Akakopa nauli, akapanda boti Mkoani siku ya Jumamosi, akashuka Malindi, akafikia kwa mama yake mdogo hapa mtaani. Jumatatu saa moja na nusu alikuwa mlangoni, nguo zimepigwa pasi. Alikuta watu wapata 60, na wote wameitwa saa ile ile moja. Viti vilikuwa vinane. Hata ilipofika saa nne hakuna aliyewaambia neno. Kisha akatoka karani na orodha, akasoma majina, na jina la kijana halimo. Alipouliza akajibiwa kwamba huenda yumo katika orodha ya pili, lakini aliye nayo amesafiri kwenda Chake Chake, yaani kule kule alikotoka kijana mwenyewe! Adhuhuri wakaambiwa warudi Alhamisi.

Alhamisi akaingia. Mabwana watatu walikuwa mezani, na barua waliyoishika ilikuwa ya mtu mwingine. Wakamwuliza habari za uhasibu, naye aliomba kazi ya kutunza kumbukumbu. Baada ya dakika chache akaambiwa, "Nenda, utapigiwa." Huu ni mwezi wa tatu, na hakuna aliyempigia.

Wako watakaosema kwamba waombaji siku hizi ni wengi mno. Ni kweli. Mwezi wa Juni 2014, huko Dar es Salaam, Idara ya Uhamiaji iliita watu kusailiwa kwa nafasi 70, wakafika zaidi ya 10,000, hata ikabidi wakusanywe katika Uwanja wa Taifa. Kila nafasi moja iligombewa na watu zaidi ya 140. Mbele ya umati kama ule hata karani hodari angeshika kichwa. Lakini watu 60 si watu 10,000. Majina 60 yaenea katika karatasi mbili, na karani mmoja mwenye kalamu aweza kuyapanga kabla ya chai.

Wala tusiitupie lawama sheria. Zanzibar inayo Sheria ya Utumishi wa Umma, Namba 2 ya mwaka 2011, na Tume ya Utumishi Serikalini ipo. Lakini sheria haiendi mlangoni kusoma majina. Kazi hiyo ni yetu.

Basi twawaomba ndugu zetu makarani, kila aliyekabidhiwa shughuli hii, awagawe watu kwa saa, kumi kumi, wala asiwaite wote alfajiri moja. Orodha iwe moja, na nakala yake ibandikwe ukutani tangu jana yake. Jalada la kila mtu liwe mezani kabla hajaingia, na wasaili wajue ni kazi gani anayoiomba. Atokaye Pemba asailiwe siku ile ile aliyoitwa, kwa kuwa kila siku aongezewayo ni chakula cha watu wengine anachokula, na nauli yenyewe ni deni. Na siku ikibidi kubadilishwa, wapigiwe simu kabla hawajapanda boti. Namba zao si zimo katika barua zao?

Na asiyepata kazi aandikiwe mistari miwili tu, apate kujua kama angoje au atafute kwingine.

Wasomaji wenye visa vya namna hii watuletee kwa maandishi, pasipo kutaja jina la afisi wala la mtu.