Majani yetu yako Ubelgiji, nani anasoma majina ya vijiji vyetu?

Ndugu wachimbaji, mama na vijana wa Kasongo na Kabambare, mmezoea hapa tuongee bei ya kasiterite, mashimo na vizuizi vya barabarani. Leo tuko tunaongea majani. Msiweke gazeti chini, mambo haya nayo yanatugusa.

Mwaka 1895 Mbelgiji mmoja, Alfred Dewèvre, alitumwa Kongo kukusanya mimea. Alipanda mto mpaka huku kwetu Maniema, akafa Léopoldville 1897. Wengine walimfuata. Kazi yao: kukata tawi, kulikausha kati ya magazeti, kulibandika kwenye karatasi ngumu pamoja na etiketi yenye jina la mmea, mahali, tarehe na jina la aliyekata. Karatasi nyingi zikaenda Ulaya. Bustani ya mimea ya Meise, karibu na Bruxelles, inatunza karibu milioni 4, na katika zile za Afrika nyingi ni za Kongo. Yangambi, kule INERA, tuko nazo pia, ila hazifikii hesabu ile.

Meise imekwisha kupiga picha karatasi zaidi ya milioni 1. Lakini picha haijisomi yenyewe. Ndiyo maana tangu 2017 kuna DoeDat, mahali kwenye intaneti ambapo mtu wa kujitolea anafungua picha akiwa nyumbani kwake, anasoma mwandiko wa zamani, anauandika upya. Halipwi hata franka moja. Wafaransa nao wako na kazi ya namna ile, wanaiita Les Herbonautes.

Watu hawa tunawashukuru. Lakini tuseme ukweli. Mtu wa Gent anaweza kutafuta na kuona kwamba Albertville ndiyo Kalemie ya leo. Atajuaje kijito ambacho Mzungu aliandika jina lake jinsi alivyolisikia? Atajuaje kijiji kilichoitwa kwa jina la chifu, kisha wakoloni wakakihamisha kando ya barabara? Anayejua ni mzee Mbangubangu, Mzimba ao Mkusu. Huyo hajaulizwa. DoeDat inaongea Kiflamani, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili hakimo.

Sasa sisi wa mashimo tunaingia wapi mule? Sheria ya mines ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inalazimisha kampuni inayoomba kuchimba ichunguze kwanza mazingira, na kisha irekebishe udongo iliouharibu. Kurekebisha ni kurudisha nini? Kama hakuna anayejua miti gani ilisimama pale mbele, watapanda mikaratusi na kusema wamemaliza. Karatasi ya zamani yenye jina la kilima chetu ni shahidi. Na tusijifiche: sisi pia tunakata miti ya kushikilia mashimo, tunachafua mito. Ushahidi ule utatuuliza na sisi.

Tuangalie tena upande wa mawe. Mwezi wa saba 2025 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na kampuni ya Marekani, KoBold Metals, na ndani yake kuna neno la kuingiza kwenye kompyuta makaratasi ya jiolojia ya wakati wa ukoloni yaliyo Tervuren. Makaratasi ya mawe yanakimbiliwa na wenye feza. Ya majani yanasomwa na watu wa kujitolea, na kila mtu anaweza kuyaangalia bure. Yote mawili yalitoka kwenye udongo wetu. Kama tunalala kwa yale ya bure, kwa yale ya feza nani atatusikiliza?

Tunaomba mambo mawili. Walimu wa biolojia wa Kasongo na Kabambare watafute kwenye intaneti karatasi zenye majina ya huku, waandike orodha, waipeleke kwa wazee na waganga wa miti shamba, kisha majibu yatumwe Meise na Yangambi. Na kampuni ikileta uchunguzi wake wa mazingira, sendika na machifu waulize: mmelinganisha na karatasi zipi? Mega za simu zinakula feza, tunajua. Basi tuchange. Mtu mmoja afungue, kumi wasome pamoja.