MKWAWA ANALILIWA, ASKARI WA KAGERA ANAFICHWA!

Vijana wa Iringa, tuulizane. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898. Fuvu lake likarudishwa 1954, limetunzwa Kalenga, vigogo wanakwenda kupiga picha. Sawa, ni shujaa. Mbona mzee aliyepigana vita ya Kagera 1978-79 akijiua, msiba wake ni wa kunong'ona? Wenzake wa kikosini wanazika kimya kimya, wanarudi kwenye ulanzi na uchungu wao. Wakitamka kwamba nao wamejaribu? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema hilo ni kosa la jinai! Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Nyie wakubwa, mashada ya Julai 25 tumeyaona. Futeni kifungu hicho, leteni washauri wawasikilize wafiwa hawa, hadi Mafinga.