UNAISHI CHINI YA MLIMA, NA FAMILIA YAKO HAIJAUFIKIA!

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo sitawasema vijana wa vijiweni wala mabinti wa mitandaoni. Hao tumewasema sana. Leo nazungumza na sisi akina baba, sisi wa safu ya kwanza msikitini, wenye tasbihi mkononi. Ukiona maneno yamekuchoma, usihangaike kutafuta nimemlenga nani. Nimejilenga mimi kwanza.

Mwaka 2025, Nane Nane iliangukia siku ya Ijumaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili: siku tatu mfululizo za mapumziko. Mimi nilikuwa nimeshaahidi muhadhara mkoa mwingine. Nikiwa naikunja kanzu yangu kwenye begi, binti yangu wa miaka 11 akaja akasimama mlangoni.

"Baba, huko juu mlimani kukoje?"

Nikamwambia kuna baridi.

"Wewe umeshafika?"

Nikamjibu mara nyingi tu. Marangu nimesomesha, Rombo nimesomesha, Machame nimefungisha ndoa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mama anasema yeye hajafika hata mara moja."

Wallahi begi liliniponyoka. Miaka 17 nimemuoa mama huyu. Tunakaa Pasua, hapa hapa Moshi. Kila mlima unapofunguka anauona akiwa anaanika nguo. Na katika miaka yote hiyo mimi nimemfundisha njia tatu tu: ya sokoni, ya hospitali na ya msibani.

Ndugu yangu, watu wanatoka Ujerumani, Marekani na Japani, wanashuka KIA na mabegi mgongoni, wametumia akiba ya miaka ili wauone mlima huu wa mita 5,895. Wewe umezaliwa chini yake, na mwanao anaujua kwa picha ya kwenye pakiti ya chai!

Na wataalamu waliopima barafu ya kileleni wanasema zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka. Unasubiri nini? Unasubiri wajukuu waje kukuuliza, "Babu, ni kweli kulikuwa na weupe pale juu?"

DINI IMESEMA NINI?

Katika Surat al-Ghashiya Mwenyezi Mungu anawauliza waja wake kama hawatazami milima jinsi ilivyosimikwa. Katika Surat Fatir anataja milima yenye mistari meupe na mekundu, kisha hapo hapo anataja wanazuoni na khofu yao kwake. Katika Surat al-Ankabut anaamrisha watu watembee katika ardhi watazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Aya hizi tunazisoma kila siku. Tunazisoma tukiwa tumefunga madirisha.

Na Mtume wetu (s.a.w.) je? Yeye aliyebeba umma mzima mabegani alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha akashinda. Baada ya muda, mwili ulipoongezeka, Mtume (s.a.w.) akamshinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Hadithi hii iko kwa Abu Dawud. Hebu niambie ewe sheikh mwenzangu, wewe mara ya mwisho kumtania mkeo ilikuwa lini?

Na mnakijua kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.) kilichopokewa na Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku mpaka mkewe akaacha kujipamba. Salman akamzuia, akamweleza kwamba Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki, na ahli zake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) akasema Salman kasema kweli. Zingatia: Abu Dardaa hakuwa baa. Alikuwa kwenye ibada, na bado akaambiwa familia ina haki. Sasa wewe uliyekuwa kwenye bao utasemaje?

VISINGIZIO VYETU

Kwanza: "Sina hela."

Haya tupige hesabu. Mtu anakunywa kahawa na kashata barazani, shilingi 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Kwa mwezi ni 60,000. Sijataja vocha wala kibanda umiza siku ya Simba na Yanga. Hakuna aliyekwambia upange hoteli. Msitu wa Rau uko ubavuni mwa mji. Daladala za kupitia Himo hadi Marangu Mtoni zipo kutwa nzima. Maporomoko ya Materuni yako Uru hapo juu. Chukua mkeka, hotpoti ya pilau na chupa ya chai, umemaliza. Na katika hadithi ya Muslim tumefundishwa kwamba ukilinganisha dinari ya jihadi, ya kumkomboa mtumwa, ya maskini na ile uliyoitumia kwa ahli zako, yenye ujira mkubwa zaidi ni hii ya mwisho. Basi kinachokosekana ni nia.

Pili: "Hayo ni mambo ya Wazungu."

Yule aliyemwacha Bibi Aisha aegemee bega lake atazame Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, mpaka aliposhiba mwenyewe, alikuwa Mzungu?

Tatu: "Huko kuna fitna. Kuna mbege, muziki, watu wanaogelea nusu uchi."

Hapa umesema kweli, na sikukatalii. Chemka kule Boma Ng'ombe maji yake ni mazuri mno, lakini wikiendi ya sikukuu ukienda saa nane mchana utakuta wanaume na wanawake wamejaa kwenye maji mamoja. Usiende saa hiyo. Nenda asubuhi mapema siku ya kazi, au nenda kwingine. Mlima huu una mito, mifereji ya wazee na vihamba vya migomba na kahawa pande zote. Haujawahi kuwa na baa moja tu. Ila nikuulize jambo. Mbona ukialikwa na marafiki zako kula mbuzi choma huko huko juu, fitna huioni? Fitna inaonekana pale tu mke anapotaja safari?

Nne, na hiki ndicho kibaya zaidi: "Mke wangu hajawahi kulalamika."

Ndugu yangu, kutolalamika si kuridhika. Wapo waliolalamika mwaka wa kwanza na wa pili, wakaona hapasikiki, wakanyamaza. Nilimzika ndugu mmoja mchamungu. Baada ya maziko kijana wake akanifuata, akaniambia: "Sheikh, watu wote wanamsifia baba. Mimi natafuta siku moja niliyokaa naye, siioni." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

NA NINYI WA UPANDE WA PILI, MSICHEKE!

Najua kuna wanaosoma hapa wakisema, "Afadhali mimi, mimi kila sikukuu natoka na familia." Subiri.

Umetoka kwa pesa gani? Wapo wanaokopa kausha damu ili wakalale siku mbili mahali penye bwawa la kuogelea. Riba! Umechukua vita na Allah na Mtume wake ukavipeleka mapumzikoni! Jumatatu mkopeshaji yuko mlangoni, televisheni inabebwa, watoto wanalia. Hayo ndiyo matembezi?

Umetoka kwa ajili ya nani? Mwingine hajashuka kwenye gari ameshatoa simu. Mkewe kajiremba, anapigwa picha, anawekwa hadharani watu wasiomhusu wamtazame siku nzima. Mtoto anaita, "Baba njoo uone!" Baba anahesabu walioipenda picha. Mwili uko Marangu, roho iko kwenye simu.

Na swala je? Adhuhuri imepita mko njiani, Alasiri imewakuta kwenye maji, Magharibi mnatafuta funguo za gari. Umekwenda kutazama kazi ya Muumba, ukamkosa Muumba mwenyewe!

Kisha kuna hili la mama. Ameamka saa tisa usiku kukaanga na kuungia pilau. Amewaogesha watoto wanne. Amebeba wa mgongoni. Kule kafika, anapakua, anaosha sahani mtoni, anabadilisha nepi. Wewe umelala kwenye mkeka, kofia usoni. Mkirudi usiku, yeye ndiye anayeloweka nguo. Nauliza tu: hayo yalikuwa mapumziko ya nani? Mtume (s.a.w.) nyumbani kwake alikuwa akihudumia ahli zake. Basi siku hiyo wewe beba mtoto, wewe osha sahani. Ndevu hazitadondoka.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Unayetoka Moshi kwenda Marangu na kurudi, usifupishe swala. Masafa haya hayafiki hata kilomita 50, na wanazuoni wengi wanataja takriban kilomita 80. Anayetoka Dar es Salaam kuja Moshi, huyo ni msafiri, na ruhusa anayo.

2. Kama mapumziko yameanza Ijumaa, swali kwanza Ijumaa ndipo mwondoke. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mkazi anayelazimika na Ijumaa hatakiwi kuanza safari baada ya alfajiri ikiwa itamkosesha swala hiyo.

3. Bebeni chakula chenu. Mtori na nyama za njiani, uliza nani kachinja. Ukiona aibu kuuliza, kula ndizi. Mlima huu hauishiwi ndizi.

4. Bebeni mkeka wa kuswalia. Ardhi yote imefanywa msikiti kwa umma huu. Waadhinie wanao pale pale penye migomba, na kijana wako akimu.

5. Ondokeni baada ya Alfajiri. Wenyeji wanajua: kipupwe mlima hujifunika mchana kutwa, hufunguka asubuhi mapema na jioni. Aliyelala na Alfajiri, mlima naye humkosa.

6. Taka zenu rudini nazo. Maji ya mifereji ile kuna mtu huku chini anayatilia udhu.

NIMALIZIE

Wikiendi ya mwisho ya Agosti sikwenda kwenye muhadhara. Niliomba radhi, nikamtuma mwenzangu. Tukapanda daladala hadi Marangu. Kosta imejaa, watoto mapajani, hakuna fahari yoyote. Mlima ulifunguka tukiwa Himo, watoto wakapiga takbira abiria wakacheka.

Tulipofika mtoni, mama watoto alichuchumaa akatia mkono kwenye maji. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe ni ya baridi hivi." Hakusema lingine. Miaka 17 maji ya mlima huu yanateremka kupita jirani na nyumba yangu, na yeye hakuwahi kuyafuata yanakotoka, kwa sababu mimi nilikuwa nashughulika na dini.

Niliona haya mbele ya Mola wangu.

Ndugu yangu, mbora wetu ni aliye mbora kwa ahli zake, ndivyo tulivyofundishwa. Likizo ya watoto ni fupi, na umri wetu hatuujui. Kabla hujamaliza kusoma, nenda kamuulize mama watoto: "Ni wapi ungependa kufika?" Halafu nyamaza umsikilize.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu na watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, nasi utujaalie tuwe kitulizo cha macho yao. Uwasamehe wazazi wetu waliotangulia. Amin.

Mfikishie na mwenzio wa barazani.

Wabillahi tawfiq.