Anayejua kwamba anaota hana pepo

Kiswahili hakina upungufu wa maneno yahusuyo usingizi. Mtu husinzia, hupata lepe, huwa katika mang'amung'amu, huota, huweweseka na hata hukabwa na jinamizi. Ayaonayo usingizini huitwa ndoto, njozi au ruya. Na yule anayepanga matumizi ya utajiri asiokuwa nao huambiwa kwamba anaota ndoto za Alinacha. Katika hazina hii yote nimetafuta neno moja nisilipate: neno la kumtaja mtu aliyelala fofofo, anayeota, na ambaye papo hapo anajua kwamba anaota.

Watu hao wapo, tena si haba. Mtoto anafukuzwa na fahali katika ndoto. Anakimbia, anajikwaa, kisha ghafla anamaizi kwamba fahali yule si wa kweli na kwamba yeye mwenyewe yuko kitandani. Haamki. Anasimama, anamkabili fahali, au pengine anaamua kuruka juu kama mwewe ili atazame kijiji kutoka angani. Hakuna aliyemfunza jambo hilo. Mwaka 2016 watafiti waliokusanya matokeo ya tafiti za miaka hamsini walikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamewahi kupata ndoto ya aina hii angalau mara moja maishani, na kwamba asilimia 23 huipata mara moja kwa mwezi au zaidi. Wengi hufikiwa nayo kwa nadra, kama mgeni asiyetarajiwa. Wachache wamejaliwa kuwa nayo takriban kila wiki tangu utotoni.

Mmoja wa wachache hao alikuwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Alinieleza kwamba alipokuwa darasa la nne alimsimulia mwalimu wake jinsi alivyokuwa akijua, katikati ya ndoto, kwamba anaota. Mwalimu aliwaita wazazi. Wazazi nao walimpeleka kuombewa, na alipozidi kusema ukweli akaombewa tena, kwa muda mrefu zaidi. Mwishowe binti huyo alijifunza kusema kwamba haoti kabisa. Kwa muda wa miaka kumi hivi alijiona kuwa ana kasoro ambayo wenzake hawana. Sina ugomvi na maombi, na ningekuwa mtu wa ajabu kuwazuia wazazi kumwombea mtoto wao. Ninachopinga ni kumfanya mtoto mzima wa afya kuwa mgonjwa kwa sababu tu sisi watu wazima hatuna jina la kile anachokieleza.

Yamkini msomaji atauliza: tunajuaje kwamba mtoto huyo hasemi uongo? Swali hilo ni la haki, na wasomi wakubwa walilishikilia. Mwaka 1959 mwanafalsafa Mmarekani Norman Malcolm alichapisha kitabu kuhusu kuota, na hoja yake iliegemea lugha. Itazame sentensi "Nimelala", kwa maana ya kuwa usingizini. Ni sentensi sahihi kisarufi. Lakini ni nani awezaye kuitamka akiwa anasema kweli? Akiitamka kwa kukusudia, basi yu macho, na sentensi ni ya uongo. Akiwa amelala kweli, hawezi kudai lolote. Kwa hiyo, alisema Malcolm, kujitambua kwamba umelala ni jambo linalojipinga lenyewe. Kila ninapowafundisha wanafunzi wangu semantiki huwapa sentensi hii waichambue, na sijaona darasa lililoweza kuivunja hoja hiyo kwa maneno matupu.

Ilivunjwa kwa macho. Tangu mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walipochapisha matokeo yao huko Chicago, imejulikana kwamba upo usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, na kwamba aamshwaye wakati huo mara nyingi husimulia ndoto. Misuli mingi ya mwili hulegea kabisa katika kipindi hicho. Macho hubaki huru. Mwezi Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, Keith Hearne alipatana na mtu mwenye kipawa hiki, Alan Worsley, kwamba atakapotambua kuwa anaota ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Worsley alilala. Mashine iliyopima ubongo na misuli yake ilionyesha usingizi usio na shaka, na katikati ya usingizi huo kalamu ya mashine ikachora ile ishara waliyoagana. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford alifikia matokeo kama hayo bila ya kutegemea kazi ya Hearne, akayachapisha mwaka 1981.

Naomba walimu wenzangu wa lugha walitafakari tukio hilo. De Saussure alitufunza kwamba ishara ya lugha haina uhusiano wa kimaumbile na kitu inachokitaja. Husimama juu ya makubaliano ya watumiaji wake. Kupeleka macho kushoto na kulia hakufanani hata kidogo na usingizi. Ni makubaliano tu ya watu wawili, yaliyofanywa mchana na kukumbukwa usiku ndani ya ndoto. Kwa hakika Worsley aliitamka sentensi ya Malcolm, na aliitamka akisema kweli. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walikwenda mbele zaidi: waliwauliza waotaji maswali wakiwa usingizini. Mmoja aliulizwa nane kutoa sita, akajibu kwa kucheza macho mara mbili. Tusitie chumvi, maana zaidi ya nusu ya maswali hayakupata jibu lolote, na majibu sahihi yalikuwa takriban asilimia 18. Hata hivyo, mazungumzo yalikuwapo.

Sasa turudi kwenye jina. Mholanzi Frederik van Eeden ndiye aliyelieneza jina la Kiingereza katika makala yake ya mwaka 1913, akikusudia uwazi wa akili ya mwotaji. Baadhi ya wafasiri wanaposema kwa Kiswahili "ndoto angavu" au "ndoto wazi", uwazi huo huondoka katika akili ya mwotaji ukaingia katika picha anazoziona. Ndoto inaweza kuwa na rangi kali na sauti za wazi na bado mwenyewe asijue lolote. Wengine husema "ndoto za kudhibitiwa", na hapo kosa ni kubwa zaidi, kwa kuwa kujua si kutawala. Wapo wanaojua wazi kwamba wanaota lakini fahali akaendelea kuwafukuza vilevile! Mimi napendekeza "ndoto ya umaizi". Kitenzi kumaizi tunacho, wazee wanakitumia, na maana yake ni hiyo hasa: kutambua jambo lililokuwa mbele yako bila ya wewe kulijua. Anayeona kuna neno bora kuliko hilo na alilete. Ukurasa huu haujafungwa.

Faida ya jina hilo itaonekana shuleni kabla ya kuonekana kwenye kamusi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wanafunzi wa Ujerumani wenye umri wa miaka 6 hadi 19 ulionyesha kwamba ndoto hizi huwajia zaidi watoto wadogo, na hupungua mtoto anapofikia takriban miaka 16. Maana yake ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi ana nafasi kubwa kuliko mimi wa chuo kikuu ya kukutana na mwenye kipawa hiki. Akiambiwa habari zake, inatosha aseme: "Naam, wapo wengi kama wewe." Asimpeleke kwa mganga, wala asimtangaze kuwa nabii. Mtoto anayesumbuliwa na majinamizi huenda akanufaika sana kwa kujua kwamba inawezekana kumwambia jitu la usiku, "Wewe ni ndoto yangu."

Kwa upande mwingine, siwashauri wanafunzi wasio na kipawa hiki wakitafute kwa nguvu. Ipo mbinu inayosifiwa sana, ya kuamka kabla ya alfajiri, kukaa macho kwa muda, kisha kulala tena ukiwa na nia ya kumaizi. Huwasaidia baadhi ya watu. Lakini mwanafunzi wa bweni ni nani hata akatwe usingizi zaidi ya anavyokatwa sasa? Usingizi wa macho kuchezacheza huja kwa wingi katika saa za mwisho za usiku, na ndizo saa ambazo kengele za baadhi ya shule zetu huzinyakua. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinampa mwanafunzi wa bweni usingizi kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayeamshwa saa kumi kwenda prepu hupoteza saa mbili, na saa hizo ndizo zilizosheheni ndoto, za umaizi na zisizo za umaizi. Halafu tunashangaa anaposinzia katika somo la hisabati, tukamwambia aache kuota mchana.

Nina ombi moja kwa walimu wa insha. Kila msahihishaji anaijua insha ambayo mhusika hutekwa nyara na majambazi, akatupwa mtoni, akazungukwa na mamba, kisha sentensi ya mwisho ikasema, "Kumbe ilikuwa ndoto!" Tumeifyeka hila hiyo kwa kalamu nyekundu miaka nenda miaka rudi, nayo haijafa. Badala ya kuendelea kuifyeka, wapeni wanafunzi swali jipya: msimulizi amaizi kwamba anaota katika aya ya pili, wala asiamke hadi insha iishe. Mamba wapo bado, mto unafurika, naye anajua. Atafanya nini? Nadhani wawili watatu darasani watalijibu swali hilo kwa urahisi kuliko wenzao, na mwalimu atakuwa amewatambua bila ya kumwita mzazi yeyote.