Matongotongo ya Mashine

Wako watu, tena watu wa elimu, waaminio kwamba mzaha ni adui wa lugha. Wakisikia vijana wamebuni neno la kuchekesha, hukunja nyuso na kuuliza ni nani aliyewapa ruhusa. Kwao neno ni kitu kizaliwacho katika kikao, mbele ya mwenyekiti na katibu. Mimi nasimama upande wa pili wa shauri hili, na hoja yangu naileta kutoka mahali pasipotazamiwa: chumba cha kufulia nguo katika nyumba moja ya wageni mjini Ifakara.

Aijuaye Ifakara anajua kuwa masika katika bonde la Kilombero hayana utani. Mito hushuka kutoka milima ya Udzungwa, uwanda hugeuka maji, na nguo hukaa kambani siku tatu zikaanza kunuka uvundo. Ndiyo sababu wenye nyumba ile walinunua mashine ya kukaushia nguo. Kazi yake ni nyepesi kueleza. Pipa huzigeuza nguo, hewa ya moto hupita kati yake, nyuzi fupi za pamba hunyonyoka, na hewa ikitoka huziacha katika chujio. Hapo hujikusanya kitu laini cha kijivujivu, mfano wa sufi iliyolala vumbini. Kisipoondolewa, hewa huzibwa, nguo hazikauki, na kitu hicho chaweza hata kushika moto.

Onyo hilo lilikuwa limeandikwa juu ya mashine kwa Kiingereza. Mama aliyeitumikia mashine ile hakukisoma Kiingereza. Alikuwa msomaji mzuri wa Kiswahili, lakini hapakuwa na mtu aliyemwandikia neno kwa Kiswahili. Wanafunzi niliokuwa nao safarini wakaona haya, wakatwaa karatasi wamwandikie. Wakaandika: "Ondoa." Kalamu ikasimama. Waondoe nini?

Hapo mchezo ukaanza. Mmoja alisema kitu kile ni machicha ya nguo, kwa kuwa ndicho kibakicho maji yakishatoka, kama nazi ikishatoa tui. Wa pili akakiita ukoko wa fulana. Wa tatu, pumba za shuka. Wa nne, mwenye kuipenda sarufi, alikishika kitenzi "nyonyoka" akakitolea jina la manyonyoko. Yule mama alikuwa akikunja shuka na kusikiliza. Mwishowe akasema, "Wanangu, hayo ni matongotongo. Mashine ikiamka asubuhi, sharti niitoe matongotongo ndipo ione njia." Chumba kizima kilicheka. "Basi, Mama, umetushinda," akasema yule mwenye manyonyoko, na karatasi ikaandikwa: "Toa matongotongo kila baada ya kukausha." Hakuna aliyetaka kuelezwa maana yake.

Niliposimulia kisa hiki mbele ya wasomi wenzangu, nilijibiwa kwa hoja mbili.

Hoja ya kwanza ilisema kuwa Kiswahili ni maskini, na ndiyo maana watu wake hulazimika kubahatisha. La hasha! Mkulima wa Kilombero huutia mpunga kinuni au mashineni, akatoka na mchele, akapika wali. Zao moja lina majina matatu kwa hali zake tatu. Wala mabaki yake hayakuachwa bila jina. Ganda ni kumvi, punje zilizovunjika ni chenga, kilichopepetwa ni pumba au wishwa, kilichogandia chunguni ni ukoko, kilicholala hadi asubuhi ni kiporo, na alichoacha mlaji ni makombo. Mbegu zilizokamuliwa mafuta huacha mashudu, mbao zilizopigwa randa huacha maranda, na kinywaji kilichotulia huacha mashapo. Lugha iliyotaja mabaki yote haya yawezaje kuitwa maskini mbele ya chujio la mashine? Tena, mwaka 1983 Waingereza Douglas Adams na John Lloyd walitoa kitabu kiitwacho The Meaning of Liff, wakayatwaa majina ya miji na vijiji na kuyapa maana za kuchekesha, kwa mambo ambayo hayakuwa na neno. Sijasikia mtu akisema kuwa Kiingereza ni maskini kwa sababu ya mchezo ule. Mwenye mali akicheza husemwa ana furaha. Kwa nini sisi tukicheza tusemwe tuna njaa?

Hoja ya pili ilisema kuwa neno lililozaliwa kwa kicheko halina heshima. Wasemao hivi na wajiulize walifikaje kazini leo. Jina la daladala lilianza Dar es Salaam katika miaka ya 1980 vinywani mwa watu, kutokana na dala, yaani shilingi 5. Machinga nalo lilianza mtaani, likapanda hata likabandikwa juu ya jengo kubwa la soko jijini humo. Sasa litazameni neno nukushi. Lilibuniwa kwa ustadi, likachapwa juu ya karatasi za ofisi nyingi, lakini ni wangapi waliolitamka sokoni? Mashine yake ilipozeeka, neno nalo lilizeeka pamoja nayo, kwa kuwa halikuwa na nyumba nyingine.

Simaanishi kuwa vikao havina kazi. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hata Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, kazi ya kusanifu imekuwa kazi ya heshima. Lakini ni kazi ya ungo. Ungo hupepeta, haulimi wala hautwangi. Mwenye ungo akiwafukuza watwangaji kwa sababu wanaimba na kucheka kinuni, atapepeta nini?

Hata hivyo, kiko kicheko nikiogopacho. Ni kile cha msomi abuniye neno refu la kipuuzi kwa makusudi, apate kuonyesha kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba elimu. Yule mama alicheka akiwa ndani ya lugha, na kicheko chake kiliacha jina. Msomi huyu hucheka akiwa mlangoni, mguu mmoja nje, na kicheko chake huacha haya. Na anayelipa gharama ya haya hiyo ni mtoto. Mtoto wa Ifakara humaliza shule ya msingi akiwa na machicha, mashudu na mashapo kichwani, kila moja akilijua kwa mkono wake. Akiingia sekondari hufundishwa habari za mabaki na machujo kwa Kiingereza, naye hukaa kimya kama asiyepata kuchuja kitu maishani mwake. Si ujinga ulionyamazisha kinywa chake; ameaminishwa kuwa aliyoyajua si maarifa kwa sababu yana majina ya jikoni.

Basi ninyi wanafunzi, bunini. Chekeni, mradi mcheke mkiwa ndani ya nyumba. Yamkini matongotongo ya mashine hayatavuka kizingiti cha chumba kile, na yamkini mafundi watayapenda zaidi manyonyoko. Maneno mengi ya mzaha yatapeperushwa, na hiyo ndiyo haki yake. Lakini ungo uyakute yamekwisha kutwangwa. Onyo lililomfaa yule mama halikutoka kwa mwenye mashine wala kwetu tuliokuwa na kalamu. Lilitoka kwa mwenyewe, aliyeingiza mkono katika chujio kila siku na kujua alichokishika.