Kanga Ina Jina, Mchapaji Je?

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga, wala hawakukosea. Methali hii tunaikariri darasani, tunaieleza kwa ufasaha katika insha, tunatunukiwa alama, halafu tunatoka nje na kumwita mwenzetu "zuzu" au "punguani" kabla kengele haijalia. Wapenzi wasomaji wa jarida letu la Chama cha Kiswahili, leo sikuja kuwahubiria. Nimekuja na hoja moja tu, nayo ni hii: mtu mwenye ulemavu wa akili akifundishwa kuchapa nguo, na afundishwe kama msanii, si kama mtoto anayepewa kitu cha kuchezea ili asisumbue watu.

Kwanza tuelewane. Ulemavu wa akili si wazimu, si laana, wala hauambukizi kama mafua. Ni hali inayomfanya mtu achelewe kujifunza, ashindwe kushika maagizo mengi kwa mpigo, na pengine apate taabu kusema au kuhesabu. Wapo wanaozaliwa na hali ya Down, ambayo hutokana na kromosomu moja ya ziada. Wapo waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wapo pia walioshikwa na homa ya uti wa mgongo wangali wachanga. Lakini kuchelewa si kushindwa. Kobe naye hufika.

Nasema haya kwa sababu nayajua. Ndugu yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 22, ni mmoja wao. Isitoshe, kwa mihula mitatu sasa, mimi na wenzangu wanne tumekuwa tukienda kila Jumamosi kumsaidia mwalimu wa kitengo maalum katika shule moja ya msingi iliyo jirani. Hapo vijana kumi na mmoja hujifunza kuchapa vitambaa. Baadhi yao wangali wanafunzi wa kitengo hicho, na wengine, kama ndugu yangu, walishamaliza na hawana pengine pa kwenda.

Huenda mtu akauliza, mbona nguo? Si wangepewa karatasi na penseli za rangi, mambo yakaisha? La hasha! Hebu nieleze kazi yenyewe ilivyo, kisha mtaamua wenyewe.

Kitambaa cha pamba hufuliwa kwanza ili kutoa wanga wa kiwandani, maana rangi haishiki vizuri juu ya wanga. Kikikauka hupigwa pasi, kikatandazwa juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, ili muhuri ukigandamizwa ukae sawasawa. Muhuri nao si kitu cha kununua. Ni kipande cha mbao kilichobandikwa umbo lililokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Waweza pia kutumia kiazi kilichokatwa nusu, bamia, au hata mgomba, ambao ukiukata unaonyesha vyumba vidogo vidogo vya ajabu. Rangi hupakwa kwenye sponji, muhuri ukaguswa hapo, ukawekwa juu ya kitambaa, ukagandamizwa, kisha ukainuliwa wima bila kuburutwa. Baadaye kitambaa huachwa kikauke kabisa, kikapigwa pasi ya moto upande wa nyuma ili rangi isitoke majini.

Sasa angalieni. Kila hatua inajitegemea, inafuatwa na nyingine, halafu zote zinarudiwa tena na tena. Mimi nikichapa mara kumi nimeshachoka, nataka kwenda kucheza kandanda. Lakini kuna binti mmoja pale kitengoni ambaye huchapa mstari mzima wa mihuri arobaini asichoke, macho yakiwa kwenye nafasi iliyo kati ya umbo na umbo. Kumbe kile ambacho sisi darasani tunakiona upungufu, yaani kupenda kurudia jambo lile lile, ndicho kiini cha ufundi huu. Tazama kanga aliyojifunga mama yako. Pindo lake lote ni umbo moja lililorudiwa kuuzunguka mji. Nani aliyewahi kusema pindo la kanga ni la kipumbavu?

Fauka ya hayo, uchapaji humpa mtu jibu papo hapo. Akiinua muhuri anaona alichofanya. Rangi ikizidi, ukingo umevuja. Ikipungua, umbo lina matundu. Hahitaji kusahihishwa kwa wino mwekundu, kitambaa chenyewe kinamwambia.

Walakini kuna kufundisha, na kuna kushughulisha. Mwalimu wa kitengo kile alitukataza mambo matatu siku ya kwanza tu. La kwanza ni kusema sana. Ukimwambia mtu, "Chukua muhuri, chovya, weka, gandamiza, inua," maneno yanampita kama upepo. Mwonyeshe, nyamaza, ngoja. Akikwama, mwonyeshe hatua ile moja tu. La pili ni kumshika mkono. Ukimshika mkono, kazi ni yako, si yake. La tatu ni kumsifu ovyo ovyo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mchapaji vilevile. Afadhali umwambie, "Hapa rangi ilizidi, jaribu kugusa sponji mara moja." Hayo ndiyo maneno anayoambiwa msanii.

Badala ya maneno mengi, vifaa vyenyewe ndivyo vinavyoelekeza. Hupangwa mezani kutoka kushoto kwenda kulia kwa utaratibu wa kazi: sponji, muhuri, kitambaa. Uzi hufungwa kuvuka meza ili mstari usipinde. Kopo la rangi huwekewa alama ya rangi yake, kwa kuwa si wote wanaosoma. Na kuhusu umbo la kuchapa, mwalimu hachagui. Huweka mbele ya mtu mihuri miwili mitatu na makopo mawili, akangoja achague kwa kidole. Ndugu yangu, kwa mfano, hataki maua hata kidogo. Yeye ni magurudumu tu, tena ya buluu. Tulijaribu kumbembeleza achape ua, akatikisa kichwa, ng'o! Sasa ana kitambaa cha magurudumu ya ukubwa tofauti yanayopishana, na wageni wakiingia macho huenda hapo kwanza.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema ati watu hawa hawana ubunifu, wanaiga tu. Ningependa kumpa habari za Judith Scott wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1943 akiwa na hali ya Down, tena alikuwa kiziwi. Alitengwa katika taasisi kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya pacha wake kumtoa huko. Mwaka 1987 alipelekwa Creative Growth, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1974 huko California kwa ajili ya wasanii wenye ulemavu. Kwa muda wa kama miaka miwili, kuchora na kupaka rangi hakukumvutia. Kisha siku moja akakutana na nyuzi na vitambaa. Tangu hapo alifunga na kuviringisha nyuzi hadi alipofariki mwaka 2005, na kazi zake zimeonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Je, angefukuzwa baada ya muhula mmoja kwa kuwa "hana kipaji", dunia ingejua nini?

Na si yeye peke yake. Mwezi wa Desemba mwaka 2025, tuzo ya Turner ya Uingereza, ambayo ni miongoni mwa tuzo kubwa mno za sanaa, ilinyakuliwa na Nnena Kalu. Huyu ni mama mwenye ulemavu wa kujifunza ambaye husema maneno machache sana. Hufunga vitambaa, kamba na tepu hadi vikawa maumbo makubwa yanayoning'inia. Hakushindanishwa na walemavu wenzake kwa kuhurumiwa. Alishindanishwa na wasanii wa kila namna, akawashinda. Lakini tusisahau kuwa shirika la ActionSpace la London limekuwa likimpa nafasi na msaada tangu mwaka 1999. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Wa pili atasema rangi ni ghali, kwa hivyo mwalimu apitie kazi zao, anyooshe mistari iliyopinda, ili vitambaa vinunuliwe. Hapa nakataa katakata. Ukinyoosha mstari wake, umeuza kazi yako kwa jina la ulemavu wake. Kama kitambaa hakijafika kiwango, mwambie arudie. Kurudia si adhabu kwake.

Nimetaja jina, basi nitoe dukuduku langu. Kanga ya siku hizi ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maandishi yanayosema nayo. Lakini aliyechapa hatajwi. Mwaka jana, katika sherehe moja ya taasisi ambayo sitaitaja, vitambaa viwili vya meza vya ndugu yangu viliuzwa. Juu yake palikuwa na kadi iliyoandikwa: "Kazi ya watoto maalum." Mtoto wa miaka 22 jamani! Ana ndevu! Hakupewa senti, hata ya soda. Mama alipouliza kwa upole, akajibiwa, "Lakini mama, si yeye anafurahi tu?" Kweli, anafurahi. Hata mwalimu wetu wa hisabati hufurahi akifundisha, mbona mshahara anapokea? Chanda chema huvikwa pete, wala hakiambiwi kitosheke na furaha.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa, na ya kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Hivyo, kumwandika mtu jina lake kwenye kazi yake si hisani. Ni haki yake, tena ni rahisi kuliko zote: kalamu moja na kipande cha karatasi.

Basi nifikie ninachotaka. Tumearifiwa kuwa muhula ujao chumba wanachotumia vijana wale kitageuzwa stoo. Hakuna chumba kingine pale. Maana yake ni kuwa Jumamosi, siku ya pekee ambayo ndugu yangu huamka mapema, akaoga bila kusukumwa, akavaa shati safi, itakuwa siku kama nyingine za kukaa mlangoni akihesabu matatu zinazopita. Ilhali chumba chetu cha sanaa hapa shuleni hufungwa Ijumaa saa kumi, kikafunguliwa Jumatatu.

Napendekeza mambo manne kwa Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapenzi, na wenzangu wote. Mosi, vijana hao wapewe chumba chetu cha sanaa kila Jumamosi asubuhi, na wanachama wa vyama vya Kiswahili na Sanaa wawe wasaidizi kwa zamu. Pili, kila kitambaa kiandikwe jina la aliyekichapa. Tatu, kikiuzwa, gharama ya kitambaa na rangi itolewe, na kinachobaki kipewe mwenyewe. Kitambaa kikiuzwa shilingi 400, na gharama ikawa 250, basi 150 ni zake, tena akabidhiwe mkononi. Nne, siku yetu ya wazazi kazi zao zitundikwe ukuta mmoja na zetu, si kwenye kona yao huko nyuma.

Sisemi kwamba kila mwenye ulemavu wa akili atakuwa msanii. Si kila mmoja wetu atakuwa daktari pia, hata kama sote twasomeshwa baiolojia. Wengine watajaribu uchapaji wauchukie, na wana ruhusa ya kuuchukia. Ninachoomba ni wapewe mlango, wapewe muda, na wapewe majina yao.

Shime wenzangu! Barua ya maombi ipo kwa katibu wa Chama cha Kiswahili, karibu na maktaba. Sahihi zetu zitapelekwa kwa Mwalimu Mkuu kabla ya muhula kufungwa. Aliye na kalamu na aje, na asiyekuwa nayo nitamwazima yangu.